Kitabu Kilichopingwa Majuma Kumi na Moja

Umulisa alikuwa anachanganya rangi ya ukuta, kijani cha zahanati, Pasta Benon alipoingia dukani, mtaa wa Gikondo, akiwa ameshika mfuko wa karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu anayekwenda kutupa panya.

"Dada Umulisa," alisema, "Jumapili jiandae. Tuna vita."

"Na nani, Pasta?"

Akafungua mfuko kidogo tu, akaufunga tena. Ndani mlikuwa na kitabu kinene chenye jalada la zambarau na maandishi ya dhahabu. Alikikuta chini ya godoro la binti yake Kaliza alipokuwa akitafuta chaja ya simu. Kilikuwa hadithi ya mapenzi na uchawi, kwa Kiingereza, kurasa mia tatu na themanini, na kilikuwa kimesomwa mpaka pembe zimelainika.

"Nitakisoma madhabahuni," alisema Pasta, "ili watu waone wenyewe watoto wetu wanalishwa nini. Wewe utatafsiri."

Umulisa akaitikia, kwa maana kutafsiri ilikuwa kazi yake ya kila Jumapili. Kanisa lao lilikuwa nyuma ya gereji mbili na ghala la saruji, na ibada ya pili, ile ya saa saba mchana, ilikuwa ya Kiswahili, kwa ajili ya madereva wa malori, Wakongomani na mafundi wa mtaa ule. Pasta Benon alikulia Mbarara. Kiingereza chake kilinyooka, Kinyarwanda chake kilitosha, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyama tu. Umulisa naye alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na hakuna kitu alichokionea fahari maishani kuliko Kiswahili chake. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alipata kuchumbiwa mara moja. Mchumba akahamia Kampala, ujumbe wa simu ukapungua, ukapungua, mpaka siku moja akagundua kwamba umekwisha.

Jumapili ya kwanza walikuwepo watu thelathini na wanne. Pasta alikiinua kitabu juu wote wakione, akaanza kusoma, na Umulisa, aliyesimama kando yake na kipaza sauti cha pili, akamfuata sentensi kwa sentensi.

Hadithi ilikuwa hivi. Palikuwa na msichana jina lake Ilsabet, mshonaji wa vitabu katika mji wa mvua. Vitabu vya mji ule vilikuwa hai. Vilipata mafua. Vilinuna vikipangwa karibu na jirani visiyempenda. Kulikuwa na kamusi moja yenye wivu iliyokuwa ikiwauma wageni. Na ndani ya kitabu kimoja cheusi alikuwa amefungwa mtoto wa mfalme, Korven, ambaye mjomba wake alimlaani akageuka maandishi. Kila Ilsabet alipokisoma kitabu hicho kwa sauti na kutamka neno la kweli lililo moyoni mwake, kiungo kimoja cha Korven kilitoka nje ya karatasi.

Pasta alisoma mpaka mkono ulipotoka. Ulitoka taratibu, una wino kwenye kucha, ukamgusa Ilsabet shavuni. Hapo akakifunga kitabu kwa kishindo.

"Mmeona," alisema.

"Mmeona," alisema Umulisa.

Kisha Mama Mukankusi, bibi wa miaka sabini na sita aliyekaa mstari wa mbele tangu kanisa lijengwe, akainuka kwa kushikilia kiti.

"Pasta, samahani. Ule mkono, uliludi ndani?"

Umulisa akaligeuza swali kwa Kiingereza kama kazi yake ilivyomtaka. Pasta akaitazama saa yake, akakitazama kitabu.

"Waambie tutaona Jumapili ijayo jinsi adui anavyofanya kazi."

Jumapili iliyofuata walikuja watu tisini. Ya tatu, viti vya plastiki viliazimwa kwa mtu anayekodisha mahema ya harusi. Mafundi wa gereji walikuja na mikono yao imenawishwa mpaka kwenye viwiko. Dereva mmoja wa lori, aliyetakiwa awe mpakani Rusumo jioni ile, alituma habari kwa tajiri yake kwamba gari limepata hitilafu, akakaa. Majina ya kigeni yakapata wenyewe: Ilsabet akawa Elizabeti, Korven akawa Koriveni, na baada ya ibada watu walisimama uani wakibishana.

"Huwezi kutoa mkono kabla hujalegeza bega," alisema fundi mmoja. "Hiyo haifanyiki hata kwenye Toyota."

"Labda mwili wake iko ya vipande," alisema mwingine.

Pasta alisoma dakika arobaini, akapinga dakika tatu. Safari na vita aliviruka, maana, alivyosema, havikuwa na dhambi ya kutosha. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata siku moja: hakusoma mbele. Kitabu kilifungiwa kabatini Jumapili jioni na kutolewa Jumapili mchana. "Ninasoma kiasi cha kupinga," alimwambia Umulisa. "Kusoma mbele ni tamaa." Lakini Umulisa aliona jinsi alivyolifungua lile kabati, funguo zikimponyoka.

Jumapili ya nne aliwaita mbele wote waliohisi kuvutwa na kile kitabu, awaombee. Wakaja watu arobaini. Mama Mukankusi alikuwa wa kwanza.

"Niombee, Pasta. Nimemwota Koriveni."

"Ulimwona vipi?" aliuliza Pasta, Umulisa akiwa katikati yao, akinong'ona huku na huku.

"Ametoka mpaka kiunoni."

Pasta alikunja uso, kwa sababu kwenye kitabu walikuwa wamefika kwenye kiwiko tu. "Kiunoni," alirudia. Akamwekea mkono kichwani, akaomba kwa muda mrefu kuliko kawaida, na alipofungua macho akamuuliza kwa sauti ya chini kama bega lilitoka kwanza.

Juma la tano kichwa cha Koriveni kilitoka, na ndipo walipofika kwenye busu.

Umulisa aliliona linakuja. Pasta alianza kusoma haraka, akipita juu ya maneno kama mtu anayevuka barabara yenye magari, na alipomaliza sentensi akafuta jasho akamwachia zamu. Umulisa akatazama zile nyuso mia na hamsini.

"Wakasalimiana kwa heshima," alisema.

Minong'ono ikapita kanisani. Mkono ukainuka karibu na dirisha. Ulikuwa wa Shyaka, mchomeleaji wa mabomba ya moshi, mtu mkimya aliyekulia Kampala, mwenye alama ndogo ndogo za moto kwenye vidole vyote.

"Dada mkalimani, nisamehe," alisema Shyaka. "Mimi nimesikia Kiingereza. Hawakusalimiana."

"Walifanyaje?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Aseme yeye. Mimi sina maneno."

Watu wote wakamgeukia Umulisa. Alihisi masikio yanawaka. Sentensi ya Kiingereza ilisema tu kwamba moyo wa msichana uliruka pigo moja, na aliona kwamba akiitafsiri hivyo watadhani ana ugonjwa. Basi akaiacha. Akasema kwamba Elizabeti alifumba macho kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta chumvi imekaa sawasawa. Kwamba alikuwa amezoea kukaa na njaa hii mpaka alikuwa amelisahau jina lake. Na kwamba midomo ya Koriveni ilikuwa na ladha ya karatasi mpya na ya mvua.

Pasta, ambaye alikuwa ametamka maneno kumi na moja tu, alisubiri kwa adabu mpaka akamaliza.

Tangu siku ile Umulisa hakuwa mtu yule yule. Dukani alichanganya rangi huku akitafuta maneno, na mteja mmoja wa Kicukiro alirudi akilalamika kwamba alitaka rangi ya maziwa akapewa ya pichi. Kidogo kidogo alianza kukirekebisha kitabu. Mwandishi alimpa Elizabeti miaka kumi na tisa. Umulisa akampa zaidi ya arobaini, kwa sababu hakuona msichana wa miaka kumi na tisa angejua nini kuhusu kusubiri. Mwandishi alimpa Koriveni macho ya rangi ya fedha. Umulisa akayaacha macho, akampa vidole vyenye makovu ya moto. Elizabeti wa kitabuni alikuwa hali chochote. Wa Umulisa alikaanga maandazi asubuhi, akaiwekea kamusi yenye wivu moja pembeni ili itulie.

Juma la nane Kaliza mwenyewe alimfuata dukani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo wa mwaka wa kwanza, na Jumapili zote alikaa mlangoni mwa kanisa akisikiliza kitabu chake kikipingwa.

"Shangazi," alisema, "kwenye kitabu hakuna maandazi."

Umulisa akaweka chini kijiti cha kukorogea. "Utamwambia baba yako?"

"Hapana. Mimi nayapenda. Nimekuja kukuambia kitu kingine. Unajua kinavyoisha?"

"Hapana."

"Hakiishi. Mjomba anamwaga maji juu ya kitabu, wino unayeyuka, Koriveni anavutwa ndani mpaka kwenye nywele. Basi. Kitabu cha pili kinatoka mwakani, mwezi wa kumi."

Umulisa alikaa juu ya ndoo ya rangi. Alimfikiria Mama Mukankusi, ambaye wiki iliyopita alimshika mkono akamwambia kwamba hajawahi kusoma kitabu hata kimoja maishani mwake, na sasa akipita mbele ya duka la vifaa vya shule anasimama kuvisikiliza kama vinakohoa. Mwezi wa kumi mwakani ulikuwa mbali sana kwa mtu wa miaka sabini na sita. Jioni ile alijaribu kumweleza Pasta, lakini Pasta alipoona sentensi inaelekea wapi aliziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Usinisomee mbele, Dada Umulisa. Usinitie majaribuni."

Jumapili ya kumi na moja kanisa lilikuwa na watu mia nne, wengine wamesimama nje madirishani. Na mstari wa mbele, kando ya Mama Mukankusi, alikaa mgeni mwenye miwani na faili magotini. Alikuwa Mwangalizi Hirwa kutoka Kicukiro, msimamizi wa makanisa yao yote ya upande ule. Alikuwa amesikia kwamba ibada ya madereva imejaa kupita ya watu wenye magari yao, akaja kukagua. Ndani ya faili mlikuwa na fomu ya maswali arobaini, kwa Kiingereza.

Koriveni alikuwa ametoka mpaka magotini. Pasta Benon alisoma akiwa amesimama wima, kitabu amekisogeza karibu na uso, kwa kuwa sasa hata yeye hakuweza kuficha hamu yake. Mjomba akaingia na mtungi. Maji yakamwagika. Wino ukaanza kukimbia, Elizabeti akaushika mkono wa Koriveni, na mkono ukawa karatasi ndani ya mkono wake. Pasta akafungua ukurasa uliofuata. Akafungua mwingine. Akarudi nyuma, akalamba kidole, akajaribu tena.

"Imeisha," alisema kwa Kiingereza. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika kwake akakuta nyumba imehamishwa. "Hapa mwandishi anamshukuru mama yake tu, na mbwa wake."

Watu mia nne wakamtazama Umulisa, wakingoja.

"Lakini," alisema Umulisa kwa Kiswahili, "maji hayakuwa yamefika kwenye ukurasa wa mwisho."

Pasta akamgeukia. Kiswahili chake cha nyama kilimtosha kujua kwamba mbwa hakutajwa. Walitazamana kwa muda wa pumzi moja. Kisha Pasta akashusha macho kitabuni, akasoma kwa sauti nzito ile ile ya kupinga: "Anamshukuru pia daktari aliyemtibu mgongo."

"Elizabeti akainama," alisema Umulisa, "akaanza kuzikausha kurasa kwa pumzi yake, moja baada ya moja, na kamusi ikaacha kazi yake ya kuuma, ikaja kumsaidia kupepea."

"Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote ya kitabu hiki bila idhini."

"Akasema, 'Koriveni, mimi si msichana. Nina miaka arobaini na miwili. Nimekusoma mara moja na sina nguvu za kukusoma mara ya pili. Kama unatoka, toka leo.'"

Kando ya dirisha Shyaka, aliyeelewa lugha zote mbili, alivua kofia yake. Hakuinua mkono.

Pasta alisoma anwani ya wachapishaji, na Koriveni akatoka mpaka kifuani. Alisoma jina la aliyechora jalada, na akatoka mpaka mapajani. Alipofika kwenye zile namba chini ya mistari myeusi nyuma ya kitabu alizisoma moja moja, kwa uchungu, kama mtu anayetaja majina ya waliopotea, na kwa kila namba Umulisa akamtoa Koriveni kidole kimoja cha mguu. Namba zilikuwa kumi na tatu. Vidole vilipokwisha, zile tatu za ziada akazifanya kiatu cha kushoto, kiatu cha kulia na kofia.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu tena cha kusoma. Pasta alikigeuza kitabu juu chini. Koriveni alikuwa amesimama mzima katika chumba cha Elizabeti, na hakuna aliyejua atasema nini.

Hapo Mwangalizi Hirwa akainuka. Yeye pia alijua Kiingereza na Kiswahili, na tangu mbwa alipotajwa alikuwa hajaandika neno. Alipanda ngazi mbili za madhabahu, akatoa fomu yake kwenye faili, akaiweka mbele ya Pasta, akarudi kukaa.

Pasta alikohoa. "Je, jengo lina vyoo vya kutosha kwa wanaume na wanawake?"

"'Elizabeti,' alisema Koriveni, 'sina ufalme tena. Mjomba amechukua vyote. Nina mikono hii iliyoungua, na ninajua kazi moja. Utanikubali?'"

"Je, kuna mlango wa dharura, na umeandikwa wazi?"

"Elizabeti akamwonyesha mlango. Akasema, 'Ule pale. Ulitoka kitabuni kwa sababu yangu, lakini sitaki ukae kwa kulipa fadhila. Ukitaka kwenda, nenda sasa, kabla sijakuzoea.'"

"Je, kizima moto kimekaguliwa mwaka huu?"

"Hakwenda," alisema Umulisa, akanywa maji.

"Saini ya mkaguzi, na tarehe."

"Wakaoana."

Dereva mmoja mnene, mtu wa Kahama, aliweka uso ndani ya viganja vyake akalia bila aibu. Mama Mukankusi alisema amina, kisha akamuuliza Mwangalizi kama naye amesikia, maana masikio yake siku hizi hayaaminiki. Mwangalizi akamwambia amesikia.

Nusu saa baadaye Umulisa aliitwa kwenye chumba cha Pasta. Mwangalizi alikaa nyuma ya meza, fomu mbele yake. Pasta alisimama kama mtoto wa shule.

"Wewe mama, ulitafsiri nini leo?" aliuliza Mwangalizi.

"Sehemu iliyokosekana, mzee."

Mwangalizi aliitafakari hiyo. "Nina swali la thelathini na moja hapa. Je, mahubiri yanalingana na mafundisho ya kanisa? Sijui nijaze nini." Akaandika kitu, akakifuta, akaandika tena, na Umulisa aliweza kukisoma kikiwa juu chini: *Mkalimani ni hodari.* Kisha akavua miwani. "Lakini yule mjomba hakuadhibiwa."

Umulisa akatambua kwamba alimsahau kabisa.

"Mimi hilo limenisumbua," alisema Mwangalizi. "Mtu hamwagi maji vile halafu akaenda zake."

"Kamusi ilimuuma," alisema Pasta Benon ghafla, kwa Kiswahili chake kibovu. "Iko namuuma mpaka leo."

Mwangalizi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafunga faili. Aliamuru kwamba kitabu kirudishwe kwa mwenyewe na kwamba Jumapili ijayo Pasta ahubiri kutoka Biblia. Pasta akachagua habari za Yona. Watu walipungua, lakini si kwa kiasi Pasta alichokiogopa, kwa kuwa hata ndani ya Yona kuna mtu anayemezwa na kutolewa akiwa mzima, na Umulisa alikutafsiri kule kutapika kwa samaki kwa namna ambayo mafundi walisimama tena uani kubishana.

Shyaka alimngoja Umulisa langoni jioni ile ile ya Jumapili ya kumi na moja, kofia mkononi.

"Nilisikia lugha zote mbili," alisema.

"Basi unajua mimi ni mwongo."

"Kiingereza kilikuwa mambo ya vyoo." Akafikiri. "Ule umri wa Elizabeti. Ni wako?"

"Ni wangu."

"Na vidole?"

Umulisa aliitazama barabara, ambako lori la mtu wa Kahama lilikuwa linajaribu kugeuka na watu watatu wanalielekeza, kila mmoja upande wake.

"Mimi nina arobaini na saba," alisema Shyaka. "Mke wangu alifariki, miaka sita sasa. Watoto wawili, wako sekondari. Jumamosi, tukimaliza usafi wa umuganda, unakula wapi?"

Walikula Kicukiro, mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, chini ya bati lililovuja. Shyaka hakuwa msemaji. Kwa muda wa saa nzima alimweleza jinsi bomba la moshi linavyopasuka, na kwa nini mafundi wengi wanachomelea juu juu tu, nje kunang'aa na ndani kumeoza. Umulisa alimwuliza maswali, na kwa kuwa yalikuwa maswali ya mtu anayetaka kujua, alijibu kila moja mpaka mwisho. Mvua ilipoanza kuingia mezani walisogeza viti, wakaagiza chai.

Mwezi wa sita Shyaka alimpeleka nyumbani kwake kuwasalimu watoto. Yule mkubwa alimkaribisha vizuri, akamletea soda. Mdogo alisimama mlangoni akimkagua, kisha akamuuliza kama anajua hisabati. Umulisa alisema anajua kiasi, akasogea, na yule mtoto akaleta daftari.